Kisima chetu kipimwe kabla kinu cha nyuklia hakijajengwa

Nyumbani kwetu Sahare, Tanga, kisima kiko nyuma ya jiko. Kiangazi kikikolea, shangazi huvuta ndoo ya kwanza, huchota kwa kiganja na kuonja, kisha anatuambia: leo ya kupikia, au leo ya kufulia tu. Chumvi ya bahari ikisogea chini ya ardhi, ulimi wake ndio unaotangulia kujua.

Lakini tritiamu ulimi hauijui. Ni haidrojeni yenye mionzi, inayoweza kuvuja kutoka kwenye vinu vya nyuklia. Ikiungana na oksijeni inakuwa maji, hayana rangi, harufu wala ladha ya peke yake. Hata kile kipima mionzi cha mkononi kinacholialia hakiikamati, kwa kuwa mionzi yake ni hafifu mno. Mpaka maji yatiwe chupani yapelekwe maabara.

Huko Long Island, Marekani, kwenye maabara ya Brookhaven, ndivyo ilivyopita bila kuonekana. Bwawa lililohifadhi fueli ya urani iliyokwisha tumika katika kinu chao cha nyuklia cha utafiti lilikuwa likivuja. Likajulikana Januari 1997, na ilikadiriwa huenda lilivuja miaka 12. Kiasi chenyewe? Ndoo moja hadi mbili kwa siku. Visima vya kuchunguza maji karibu na kinu vilikuwa vimekubaliwa tangu 1994, vikawa vinaahirishwa. Tritiamu haikufika kwenye maji ya kunywa ya majirani, hilo nalisema wazi. Imani yao ndiyo iliyokwisha. Kinu hakikuwashwa tena, na mwaka 1999 ikaamuliwa kifungwe moja kwa moja.

Naandika sasa kwa sababu wenzetu wa Kenya wana mpango wa kinu cha utafiti, na mwaka 2024 watu wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kupinga mpango wa kujenga kituo cha umeme wa nyuklia kijijini kwao. Kilifi si mbali. Kaskazi ikivuma, upepo unatoka kwao kuja kwetu.

Sipingi vinu vya utafiti. Vinatengeneza dawa zinazotumika kuchunguza na kutibu saratani, na wagonjwa wetu wanazihitaji. Ninachokataa ni mwenye kinu kuwa ndiye pekee mwenye kipimo. Wafaransa waliliona hilo baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl mwaka 1986: walipoambiwa wingu la mionzi halina neno kwao, raia wakaanzisha maabara yao wenyewe, CRIIRAD, isiyo ya serikali wala ya wenye vinu.

Na kipimo kianze mapema, wakati hakuna hata msingi uliochimbwa. Bila namba za leo, kesho ukikuta kitu kwenye maji utaambiwa kilikuwapo siku zote, na huna la kujibu. Yachukuliwe maji ya visima vya Sahare na Mwambani, mwani wa kina mama, dagaa wa sokoni, kila msimu, na majibu yabandikwe ofisi ya mtaa kwa Kiswahili.

Nimemweleza shangazi. Ameniuliza chupa iwe ya ukubwa gani.