Barua ikae kwako au ikae kwao: hesabu ya barua pepe za enzi ya modemu

Mwaka 2018 jumba la Computer History Museum, lililoko Mountain View, California, liliweka hadharani msimbo wa Eudora, programu ya barua pepe iliyokuwa kwenye kompyuta nyingi za nyumbani miaka ya tisini. Qualcomm, kampuni iliyokuwa ikiimiliki, ilikubali kuuachia ili yeyote autumie. Kwa waliowahi kuitumia programu hiyo, habari ile iligusa ubishi wa siku nyingi. Wapo wanaoshikilia kwamba programu za enzi ya modemu, kile kifaa kilichounganisha kompyuta na laini ya simu, zilimpa mtu kitu ambacho barua pepe ya leo imemnyang'anya: barua zake mwenyewe, ndani ya nyumba yake. Wapo wanaowajibu kwamba hayo ni mapenzi ya ujana tu, kwamba zilifanya hivyo kwa sababu laini za simu hazikuruhusu vinginevyo. Mimi naona pande zote mbili zina haki, ila si kwa kiasi kimoja, na si juu ya jambo lilelile.

Tuanze na namna zilivyofanya kazi, maana hoja nyingi hupotelea hapo. Eudora iliandikwa na Steve Dorner mwaka 1988 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Urbana-Champaign, kwanza kwa ajili ya Macintosh. Ilitegemea utaratibu uitwao POP, nao ulikuwa kama sanduku la posta: barua zinakusubiri kule, unakwenda na ufunguo, unazibeba zote, sanduku linabaki tupu. Ulikuwa unaandika barua zako simu ikiwa haijapigwa, nazo zinapanga foleni. Ukiwa tayari unabonyeza mara moja: modemu inapiga na milio yake, ulizoandika zinatoka, ulizoandikiwa zinaingia, simu inakatwa. Hapo ndipo unaanza kusoma.

Faida ya kwanza ilikuwa ya mfukoni. Modemu ya biti 2,400 kwa sekunde ilipitisha herufi kama 240 kila sekunde. Barua ya kurasa mbili, tuseme herufi 5,000, ilifika kwa sekunde 21 hivi. Kuisoma kwa utulivu ni dakika nne au tano, na kuijibu ni zaidi ya hapo. Anayesoma na kujibu simu ikiwa hewani analipia dakika zote hizo. Anayevuta barua, akakata simu, kisha akasoma, analipia sekunde. Huko Marekani, ambako Eudora ilizaliwa, simu ya ndani ya mji kwa kawaida haikuhesabiwa kwa dakika, lakini kampuni zenyewe za mtandao zilihesabu. AOL, mojawapo ya kampuni hizo, ilitoza kwa saa hadi Desemba 1996, ilipoanza kupokea dola 19.95 kwa mwezi bila kikomo. Watu wakaacha laini wazi mchana kutwa, na wengine wakipiga wanakuta zimejaa. Kabla ya hapo AOL nayo ilikuwa na njia ya kuiagiza kompyuta ijipigie yenyewe, ibebe barua na kukata. Kwa watu wa Ulaya na wa kwetu, ambao hata simu ya mtaa wa pili iliingia kwenye bili, utaratibu huo ndio uliofanya barua pepe iwezekane.

Afrika Mashariki tunalijua hili kwa ushahidi, kwa sababu barua pepe ilitufikia kwa njia ya kuvuta na kukata kabla intaneti kamili haijafika. FidoNet, mtandao ulioanzishwa na Tom Jennings wa San Francisco mwaka 1984, ulikuwa na mpango rahisi: kompyuta za watu binafsi zinapigiana simu usiku, bei ikiwa chini, zinapeana barua, zinaagana. Dunia iligawanywa katika kanda, na Afrika ilikuwa kanda ya 5. Mwanzoni mwa miaka ya tisini mashirika ya hiari yaliyokuwa Nairobi yalipata barua kwa mtindo huo kupitia lango la mtandao wa GreenNet wa London, na mradi wa ESANET uliviunganisha vyuo vikuu vya eneo hili, vikiwemo Nairobi, Makerere na Dar es Salaam. Mhadhiri aliandika barua jioni, kompyuta ya chuo ikaipokea, barua ikasafiri usiku kutoka mashine moja hadi nyingine, jibu likarudi kesho au keshokutwa. Anayedharau teknolojia ile kwa polepole yake ajiulize kifurushi cha posta kutoka London kilichukua muda gani miaka hiyo.

Faida ya pili ndiyo inayowafanya watetezi wapandishe sauti, nayo ni umiliki. Eudora ya Windows ilihifadhi barua ulizopokea katika faili liitwalo In.mbx, na ulizotuma katika Out.mbx. Faili hizo zilikuwa maandishi matupu. Ukizifungua leo kwa programu yoyote ya kuandikia utasoma kila kitu: nani aliandika, saa ngapi, alisema nini. Hakuna kampuni inayohitaji kuwa hai ili barua zako zisomeke. Hili lilikuwa uamuzi wa mtengenezaji, si jambo lililokuja lenyewe na enzi. Outlook Express ya Microsoft, iliyokuja bure pamoja na Windows na kutapakaa kuliko zote, ilizifungia barua katika faili za namna yake, na faili la kikasha likikaribia gigabaiti 2 lilikuwa hatarini kuharibika lote. Kwa hiyo anayesema "zamani barua zilikuwa zetu" inabidi ataje programu gani. Zilikuwa zetu kwa kadiri faili ilivyokuwa wazi.

Na zilikuwa zetu kwa bei ipi? Juno, huduma iliyoanza Marekani mwaka 1996, iligawa barua pepe bure kabisa, hata namba ya kupiga ilikuwa yake. Hukuhitaji kulipia intaneti. Lakini ulianza kwa kujibu dodoso refu kuhusu maisha yako, na kila simu iliyoleta barua ilileta pia matangazo, yakakaa kwenye diski yako na kukutazama wakati unasoma simu ikiwa imekatwa. Natofautiana na wanaodhani kuuza macho ya msomaji kulianza na kurasa za wavuti. Kwa upande mwingine kulikuwa na Pegasus Mail ya David Harris wa Dunedin, New Zealand, iliyogawiwa bure tangu 1990 bila tangazo hata moja, naye akijikimu kwa kuuza vitabu vya maelekezo. Modemu ilikuwa ileile. Tofauti ilitoka kwa aliyeandika programu na alichotaka kwako.

Sasa upande wa pili, ambao watetezi huupitia haraka mno.

Katika POP, barua zinafutwa kule kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma, pale tu kompyuta yako inapoaga rasmi kwa amri ya QUIT. Mpaka hapo kila ulichovuta kinahesabika bado hakijachukuliwa. Sheria hiyo iliwekwa kwa nia njema, ili laini ikikatika usipoteze barua. Lakini fikiria ilivyokuwa kwenye laini mbovu. Kuna barua 30 zinakusubiri, na ya saba ina picha ya megabaiti moja ambayo ndugu ameiambatisha kwa furaha. Ili picha ipite kama barua hugeuzwa kuwa herufi, na kugeuzwa huko huiongezea uzito kwa theluthi. Kwa modemu ya 14,400 hiyo ni kama robo saa. Dakika ya 12 laini inakatika. Unapiga tena: barua ya kwanza hadi ya sita zinaweza kuja upya, sasa unazo mara mbili, kisha picha inaanza mwanzo, si pale ilipoishia. Inakatika tena. Barua 23 zilizo nyuma ya picha hiyo huzioni, hata kama mojawapo inasema mgonjwa amezidiwa. Eudora iliweka chaguo la kuruka barua zinazozidi ukubwa fulani, na aliyelijua alipona. Wasiolijua walimpigia mtoa huduma wakiomba afute picha kwa mkono wake. Kosa la mtu mmoja aliye mbali, asiyejua hali ya laini yako, liliziba barua zako zote, na gharama ikawa yako wewe.

Ongeza kwamba diski ilikuwa moja. Barua zikishashuka, nakala ya seva imekwenda. Umeme ukirudi kwa kishindo diski ikafa, miaka mitano ya barua imekufa nayo, na hakuna wa kumwomba. Wengi hawakuwa na nakala ya akiba, kwa sababu hawakuwa na mahali pa kuiweka: diski ya kuchomeka ya megabaiti 1.44 haibebi kikasha cha miaka. Hata ile sifa ya maandishi matupu ina upande wake mchungu. Katika nyumba yenye kompyuta moja, yeyote aliyekaa mbele yake aliweza kulifungua In.mbx. Nywila ililinda sanduku la kule, haikulinda barua zilizokwisha kuingia nyumbani.

Virusi sitavizungumzia sana. Melissa ya Machi 1999 ilijituma kwa anwani 50 za kwanza za kitabu cha Outlook, programu nyingine ya barua ya Microsoft, na hilo liliwezekana kwa sababu kitabu cha anwani na programu inayotii amri vilikuwa chumba kimoja. Ni hoja ya kweli, lakini ni lawama kwa Microsoft kuliko kwa utaratibu mzima.

Hoja yenye nguvu kuliko zote dhidi ya programu zile ni nyingine: zilidhani una kompyuta yako. Hotmail ilifunguliwa tarehe 4 Julai 1996 na Sabeer Bhatia na Jack Smith, ikatoa nafasi ya megabaiti 2, nafasi ambayo leo picha moja ya simu inaijaza. Lakini ilitoa anwani isiyofungwa na mashine wala nyumba. Mwanafunzi wa Mwanza au Kisumu, asiye na kompyuta wala simu ya mezani, aliweza kuwa na anwani yake, akaifungua kwenye kafe ya intaneti Nairobi mwezi huu na Arusha mwezi ujao, akawasiliana na kaka yake aliye Muscat au Toronto. Eudora, kwa uzuri wake wote, haikuwa na nafasi kwa mtu huyu. Wengi wetu tuliingia katika barua pepe kwa mlango wa wavuti, na hatukuwahi kuvuta barua hata siku moja. Anayeomboleza programu zile bila kulisema hili anaomboleza haki iliyokuwa ya wachache.

Hata hivyo, tazama watu hao walifanya nini ndani ya kafe. Saa ya kulipia inakwenda, hivyo mtu aliandika barua yake kwanza mahali pengine, akaja nayo kwenye karatasi au kwenye diski, akainakili na kuituma. Barua aliyopokea aliichapisha akaisome nyumbani. Wavuti ulikuwa umemrudisha kwenye kulipia dakika za kusoma na kufikiri, naye akajitengenezea kwa mikono ile foleni ambayo Eudora ilikuwa inaifanya kwa kubonyeza mara moja. Hapo nasadiki kwamba kuvuta na kukata kulikuwa kujali muda na fedha za mtumiaji, na kwamba tulipohamia wavuti tuliacha kitu chenye thamani ambacho hatukulazimika kukiacha.

Kosa la enzi ile, kwa maoni yangu, halikuwa kuleta barua nyumbani. Lilikuwa kufuta nakala ya pili. Sababu yake ilikuwa nafasi: seva zilikuwa na megabaiti chache kwa kila mteja, ikabidi zisafishwe. Njia ya kuacha barua kwenye seva ilikuwepo. Ni utaratibu uitwao IMAP, wa Mark Crispin, ulioanza Stanford mwaka 1986, lakini ulimfaa aliye na laini iliyo wazi muda wote, na nyumbani nani alikuwa nayo? Kisha tarehe 1 Aprili 2004 Gmail ikaja na gigabaiti 1, na sababu ya kufuta ikafa. Pale ndipo tungepaswa kuwa na nakala mbili, moja kwao na moja kwetu. Badala yake tuligeuza kosa: nakala ikabaki moja tena, safari hii kwao. Tangu Desemba 2023 Google imeanza kufuta akaunti za watu binafsi zisizotumika kwa miaka miwili. Mzee aliyefariki, akaunti yake haifunguliwi na mtu, na barua alizowaandikia wanawe zinakwenda.

Mwenye kompyuta anaweza kulirekebisha hili leo hii. Programu ya barua iitwayo Thunderbird huvuta kwa POP na kuacha nakala kwenye seva ukiiambia hivyo, na Google yenyewe, ukiiomba barua zako zote, hukupa faili la mbox, maandishi matupu ya jamii ileile ya In.mbx. Anayebaki nje ni yule ambaye simu ndiyo kompyuta yake pekee, na kwetu hao ndio wengi. Gmail ya Android, usipoigusa, huweka kwenye simu barua za siku 30 tu. Za nyuma ya hapo unazifuata kwa bando. Programu za simu zinazovuta barua zote na kuzitunza zipo, lakini sizo zinazokuja na simu mtu anapoinunua.