Mama, Ingia Pole

Aliyewahi kuishi katika kambi ya polisi Uganda anavijua vile vibanda vya mviringo vya mabati tunavyoviita "mama ingia pole". Mlango ni mfupi. Ukiingia kwa papara, paji la uso ndilo linalolipa. Humo ndimo nilimolelewa: watoto wanne, wazazi wawili, na leso ya mama ndiyo iliyokuwa ukuta kati ya kitanda chao na mkeka wetu.

Bati mchana linachoma kama kikaango, usiku linatoka jasho. Pumzi za watu sita zinapanda, zinakutana na baridi ya bati, zinageuka matone, na karibu na alfajiri matone yanaanza kudondoka. Nilikuwa na miaka tisa hivi nilipozinduka nikahisi mtu amesimama gizani juu ya mkeka wetu. Alikuwa mama, kitambaa mkononi, anafuta bati. Alianzia juu ya kichwa cha mdogo wangu, akashuka taratibu hadi usawa wa miguu yetu, akakikamua kitambaa ndani ya beseni, akarudi kulala. Nilidhani ni jambo la usiku ule tu. Nilipomuuliza juzijuzi, nikiwa na mtoto wangu mwenyewe, alinishangaa: kwani nilifikiri tulikuwa tunaamkaje wakavu? Baba alikuwa amekaa pale pale anasikiliza. Naye hakuwahi kujua.

Kila mwezi wa Mei, Siku ya Akina Mama ikifika, simu yangu inajaa sifa za aina moja. Mama aliteseka. Mama alijinyima. Mama alilala njaa ili sisi tushibe. Siwabishii wanaosema hivyo, kila mtu na mama yake. Lakini wangu hakujinyima chai. Alitia vijiko vinne vya sukari na hakuna aliyethubutu kukigusa kikombe kile. Alikuwa na gomesi, lile vazi refu la akina mama wa Uganda, la zambarau la harusini, na pale bombani alicheka na wake wa askari wenzie mpaka maji yakafurika ndoo. Nikimsimulia kama mtu wa mateso tu, ninausifu ufukara wetu na kumsahau yeye. Ninachomvulia kofia ni jicho lake. Alijua tone litadondokea wapi.

Hata Kiswahili hiki ninachoandikia ni kazi yake. Baba ni Mtesot wa Tororo, yeye Msamia wa Busia, majirani walitoka kila pembe ya nchi, basi kambini tukaelewana kwa Kiswahili. Kampala wapo watu ambao hadi leo wakisikia Kiswahili wanashika mifuko yao, wakidhani ni mwanajeshi au mwizi. Mimi nikikisikia nasikia naitwa nikanywe chai. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Nyumbani kwetu sheria hiyo ilikuwa imepita zamani.

Siku ya kutambulishwa kwangu, sherehe ile ya kabla ya harusi, wazee walisimama mmoja mmoja kumshukuru baba kwa karo. Haki yake, alilipa. Hakuna aliyemshukuru mtu kwa kufuta bati, na mimi mwenyewe, niliyeona kwa macho yangu, nilikaa kimya nimeinamisha kichwa kama bibi harusi mwema.

Baba alipostaafu walihamia Busia. Tangu hapo, kila baada ya wiki mbili, dereva wa teksi ananipigia nikachukue kavera langu, yaani mfuko wangu wa plastiki, stendi. Ndani mna mukene, hawa dagaa wa Ziwa Victoria. Miaka mingi nilimgombeza: mama, mukene wamejaa soko la Nakawa hapa Kampala, unajisumbulia nini? Ni kweli wamejaa, lakini wengi huanikwa chini kwenye mchanga, na ukiwala unatafuna ufuo. Wa mama hawana punje. Hawana hata vichwa, kwa sababu nikiwa mdogo niliwahi kulia kwamba wananitazama. Nina miaka thelathini na saba, na bado kuna mtu anayekaa kibarazani Busia akiwakata vichwa samaki wa urefu wa kidole, mmoja baada ya mwingine.

Mwaka 2020 usafiri wa abiria ulipopigwa marufuku kwa sababu ya korona, nilijua kavera limekwisha. Juni teksi zikaruhusiwa kwingine, wilaya za mpakani, Busia ikiwemo, zikaachwa. Mama akampata dereva wa lori la mizigo, wakati ambao madereva wa malori ndio walioogopwa kuliko watu wote. Kisha akanipigia: "Mwanangu, usilifungue leo. Lianike juani siku nzima kwanza, na unawe." Nikalianika. Majirani walinitazama kama niliyeanika bomu.

Mwezi uliopita alikuja kwangu Kireka. Mlango wangu ni mrefu, lakini aliinama kuingia. Jioni nikamwambia apumzike, leo nitachambua mimi. Nikakaa na ungo karibu saa nzima, nikakata vichwa, nikapepeta, nikamwonyesha kwa majivuno. Alipitisha kidole mara moja, akakitazama chini ya taa. Hakusema neno. Akauvuta ungo magotini kwake, akaanza upya.