Ndege inayofuata inaondoka saa ngapi?

Tafuta tiketi ya safari ndefu mtandaoni, safari ileile itakujia kwa sura nyingi. Moja inapita Istanbul na kukupa dakika 75 za kuhamia ndege ya pili. Nyingine inapita Doha, unasubiri saa tatu. Ya mwisho, ambayo mara nyingi ndiyo ya bei nafuu, inakukalisha uwanjani kwa muda wa saa 11. Hapa wasafiri wazoefu hubishana bila kuchoka. Wapo wasiovumilia kusubiri zaidi ya saa moja na nusu, na wapo ambao bila saa nne za akiba moyo hautulii. Kila upande una hoja yake, lakini nadhani wote wanapima kitu ambacho sicho.

Tuanze na wa haraka. Hawabahatishi kama wanavyodhaniwa. Kila uwanja una muda wa chini kabisa wa kuunganisha ndege, na kwa kawaida mfumo wa mauzo haukuuzii tiketi moja yenye muda mfupi kuliko huo. Vienna hujivunia dakika 25, maana uwanja si mkubwa na mageti yake yamekaa karibu karibu. Uwanja wenye majengo kadhaa ya abiria, kama Heathrow ya London, hudai zaidi, hasa ikibidi uhame jengo. Kwa hiyo ukiuziwa dakika 60, ujue kuna aliyekaa akapiga hesabu kwamba zinatosha.

Zinatosha, kwenye karatasi. Zichukue dakika hizo 60 uzitembeze kwa miguu. Ndege imefika kwa wakati, wewe umekaa safu ya 38. Mlango unafunguliwa, wote wanasimama, na aliye mbele yako ana begi lililokwama kwenye kabati la juu: dakika 15 zimekwenda kabla hujakanyaga nje. Leo ndege imeegeshwa mbali na jengo, kwa hiyo kuna basi, na basi haliondoki mpaka lijae. Ndani unakutana na ukaguzi upya. Mkanda unavuliwa, laptopu inatolewa, na chupa ya manukato uliyonunua uwanja wa kwanza inazua mjadala. Zimebaki dakika 25. Tena geti halisubiri hadi ndege iondoke; hufungwa dakika 15 au 20 kabla. Kuiwahi au kuikosa kumetegemea begi moja la mtu usiyemjua.

Wapenda kusubiri wakisoma hesabu hiyo hutabasamu. Lakini nao wanalipa, ila hawakatiwi risiti. Kwangu mimi muda mbaya kuliko wote ni saa tano hadi nane: ni nyingi mno kwa kukaa kitini, chache mno kwa kwenda kulala hotelini, na hoteli yenyewe huenda iko ng'ambo ya uhamiaji na viza huna. Pako mahali pachache panapojua kumtunza mpita njia. Turkish Airlines huwatembeza bure mjini Istanbul abiria wake wanaosubiri kati ya saa 6 na 24, na uwanja wa Changi wa Singapore una ziara ya bure kwa mwenye angalau saa tano na nusu, mradi pasipoti yako inakuruhusu kuingia nchini. Ukizidisha saa 24, safari za kimataifa kwa kawaida hukuhesabu kuwa umetua, si umepita, na nauli inaweza kupanda.

Kilichonitoa kwenye ubishi huu ni usiku mmoja ambao nilikuwa na muda wa kutosha. Saa mbili na dakika 50, tiketi moja, uwanja mmoja. Ndege ya kwanza ikachelewa saa mbili na nusu. Nilipofika getini ndege yangu ilikuwa bado ipo, naiona nyuma ya kioo, mlango umeshafungwa. Kwenye dawati la huduma nikasimama na mama mmoja aliyekuwa na dakika 55 tu, naye ameikosa yake. Lakini yeye alikuwa anakwenda mji unaopata ndege kila baada ya saa mbili. Wakambadilishia, akaondoka usiku uleule, na mto wake wa shingoni akaniachia mimi. Ya kwangu ilikuwa inaruka mara tatu kwa wiki. Nililala pale siku mbili.

Tangu siku hiyo, kabla sijaangalia nasubiri muda gani, naangalia nikiikosa ndege hii, inayofuata inaondoka saa ngapi. Dakika 70 kwenye njia yenye ndege nane kwa siku ni salama kuliko saa tatu kwenye njia yenye ndege moja. Na ratiba ya uwanja inasema mengi. Dubai na Doha, ndege huja kwa mafungu: kundi zima linatua ndani ya muda mfupi, abiria wanabadilishana, kundi zima linaondoka. Mpango huo ukienda sawa unapendeza, ndiyo maana unaweza kuvuka nusu ya dunia kwa kusimama mara moja tu. Fungu lako likikuacha, pengine utasubiri fungu jingine, na si lazima mji wako uwemo. Frankfurt, tangu 2011, hairuhusu safari zilizopangwa kati ya saa 5 usiku na saa 11 alfajiri. Anayeunganisha na ndege ya mwisho ya jioni pale ajue kwamba akiikosa, kinachofuata ni asubuhi.

Swali la pili ni nani anabeba hasara. Kwenye tiketi moja, shirika lina wajibu wa kukufikisha. Kwenye tiketi mbili ulizonunua mbalimbali ili kuokoa fedha, ndege ya pili haikujui. Ukichelewa wewe ni abiria ambaye hakutokea, basi. Wanaoondoka Ulaya wana kinga zaidi: kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya 2004 hutoa fidia hadi euro 600, na mwaka 2013 mahakama ya Umoja huo ilikata kesi ya abiria aliyetoka Bremen kwenda Asunción kupitia Paris na São Paulo. Ndege ya Bremen ilichelewa kama saa mbili na nusu. Akafika mwisho wa safari saa 11 baada ya muda wake. Mahakama ikasema kinachohesabiwa ni kuchelewa kule mwisho. Hali ya hewa mbaya, hata hivyo, hulisamehe shirika fidia hiyo.

Kisha kuna karatasi, na hapa viwanja havilingani kabisa. Marekani haina kupita tu: hata kama unaendelea nchi nyingine, unapitia uhamiaji, na kwa kawaida unachukua begi lako kwenye mkanda na kulikabidhi tena. Chini ya saa tatu pale mimi sikubali. Ukipitia Dublin, hatua za uhamiaji wa Marekani unazimaliza hukohuko Ireland, kwa hiyo saa za akiba zihamishie Dublin. Eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zisizokaguana pasipoti mipakani, hukukagua pasipoti kwenye uwanja wa kwanza unaoingilia, na tangu Oktoba 2025 mgeni ameanza kuchukuliwa alama za vidole na picha. Raia wa nchi 12, zikiwemo Ethiopia, Somalia, Nigeria na Kongo ya Kinshasa, kwa kawaida huhitaji viza hata ya kukaa tu ndani ya uwanja. Tiketi ya bei poa kupitia Frankfurt inaweza kuwa si ya kila mtu.

Wapenda kusubiri wana hoja moja ya mwisho: dharura. Sikubaliani nao. Dubai ilipofurika Aprili 2024, na Heathrow ilipofungwa tarehe 21 Machi 2025 kwa moto uliozuka kwenye kituo cha umeme, mwenye saa sita na mwenye saa moja walikwama pamoja. Siku kama hiyo afadhali uwe na shirika lenye njia nyingine ya kukupitisha.

Kwa hiyo mimi hununua muda usiolingana kwenda na kurudi. Nikienda, ndege adimu huwa ya pili, ile ndefu, basi naweka saa tatu au zaidi, na tiketi zikiwa mbili naweka usiku mzima katikati. Nikirudi, ndege adimu nimeshaipanda. Kilichobaki ni kipande kifupi chenye ndege kila baada ya muda. Hapo dakika 80 zinanitosha, nikitembea polepole.