Wagonjwa wa mapafu walipopungua mwaka 2020, haikuwa hofu peke yake

Hapa Mbeya, kila mazungumzo ya afya yanapogusa mwaka 2020, hukumu huwa imekwisha kutolewa: vizuizi vya UVIKO-19 viliwatisha watu wasiende hospitali, wakafia majumbani. Wanaosema hivyo hawasemi uongo. Huko England, waliolazwa kwa mshtuko wa moyo na matatizo ya aina hiyo walikuwa takriban 3,000 kwa wiki mwaka 2019. Kufikia mwisho wa Machi 2020 walikuwa takriban 1,800. Hakuna amri ya serikali inayoweza kuponya mishipa ya moyo ya watu zaidi ya elfu moja kwa wiki. Katika jimbo la Lombardy, Italia, waliosimama moyo wakiwa nje ya hospitali katika wiki za mwanzo za mlipuko waliongezeka kwa asilimia 58 kuliko kipindi kama hicho mwaka uliotangulia, ingawa sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilikuwa ya watu wenye UVIKO-19 au dalili zake.

Sisi hatukufungiwa ndani. Shule zilifungwa Machi 17 na kufunguliwa Juni 29, lakini masoko na nyumba za ibada ziliendelea. Hata hivyo hofu ilifika bila amri. Jirani yetu alibanwa kifua usiku, akakataa kata kata kupelekwa hospitali akihofia kutengwa na asionekane tena. Alijifukiza nyungu, akanywa tangawizi na limau, na siku ya tatu tukamzika. Kwa upande wa moyo, basi, sina ubishi.

Kosa linaanza pale hukumu hiyo ya moyo inapobebeshwa mapafu. Scotland na Wales, vizuizi vilipoanza, wagonjwa wa dharura waliolazwa kwa kuzidiwa na ugonjwa sugu wa mapafu, ule unaoziba njia za hewa pole pole kwa miaka mingi, walipungua kwa asilimia 48. Karibu nusu. Mtu mwenye shaka atauliza mara moja kama hao nao hawakujificha nyumbani kama wale wa moyo, na ni swali la haki, kwa sababu bila shaka wapo waliojificha. Lakini kama nusu nzima ingekuwa imebaki kitandani nyumbani ikihangaika kupumua, vifo vya ugonjwa huo vingepanda, kwa maana mgonjwa wa namna hiyo akizidiwa hana siku nyingi za kusubiri. Watafiti walihesabu pia vifo, na hawakuona badiliko la maana. Walioenda kwa daktari wa kawaida kwa kuzidiwa nao walipungua kwa kiasi hicho hicho. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba mafua na virusi vingine, ambavyo ndivyo huwazidishia ugonjwa wengi wao, havikupata njia ya kupita.

Jambo hili linatuhusu watu wa Nyanda za Juu Kusini kuliko tunavyokiri. Mama yangu mkubwa amepikia kuni tangu utotoni, katika jiko lenye tundu moja la kutolea moshi, na kila Juni, ukungu ukishuka na mlango ukifungwa kwa sababu ya baridi, kikohozi chake hugeuka kuwa mluzi. Anayemwambukiza huwa ni mjukuu mwenye mafua. Mapafu yaliyochoka kwa moshi hayahitaji ugonjwa mkubwa ili yashindwe. Mafua ya kawaida yanatosha kumfikisha kwenye mtungi wa oksijeni.

Nakubali kwamba ya Scotland hayahamishiki mzima mzima. Wao walijifungia katika nyumba zisizo na moshi; kumfungia mama wa Makete ndani mwezi Juni ni kumsogeza karibu zaidi na mafiga. Tena, nafuu nyingine ilikuja na deni. Australia Magharibi, kirusi kinachowabana watoto wachanga kifua karibu kitoweke katika majira ya baridi ya 2020, kisha kikarudi kwa nguvu mwishoni mwa mwaka huo, wakati wa joto. Kwa hiyo sitetei kufungia watu. Ninachotetea ni yale madogo tuliyoyatupa pamoja na makubwa: maji tiririka na sabuni mlangoni, barakoa kwa anayekohoa, na ile adabu ya muda mfupi ya mgeni mwenye mafua kuahirisha safari ya kumwona mzee.

Zile fremu za chuma zenye kanyagio, ambazo mafundi wetu wa kuchomelea walizibuni ili mtu afungue koki kwa mguu, nyingi bado zipo nyuma ya vibanda vya soko, zimeshika kutu, ndoo zake zikiwa zimehamishiwa kwenye kazi nyingine. Kurudisha ndoo na kipande cha sabuni kuanzia Mei hadi Agosti hakumzuii mtu yeyote mwenye maumivu ya kifua kukimbilia hospitali usiku huo huo.