Kazi ya Bibi Inastahili Kikao cha Familia

Katika nyumba yetu ya Walukuba, mjini Jinja, tunaishi vizazi vinne chini ya paa moja. Yupo mama yangu aliyepita miaka 80, nipo mimi niliyevuka 60, yupo mwanangu na mkewe, na wapo wajukuu, mmoja wao akiwa ameachwa mikononi mwangu na binti yangu aliyekwenda kufanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba. Mwaka huu unaomalizika ndio wa kwanza kwetu kuishi hivi sote pamoja, na karibu kila mtu anayepita kunijulia hali hunipongeza kwa kuzungukwa na damu yangu. Nashukuru kwa pongezi hizo, na ni kweli kwamba nimebarikiwa. Hata hivyo, mwaka huu umenionyesha wazi kwamba malezi ya bibi ni kazi kamili, yenye gharama, uchovu na maamuzi mazito, na kwamba familia inayomkabidhi bibi mtoto bila kuketi na kuzungumza inamdhulumu bibi pamoja na mtoto.

Sisi wanawake wa Uganda hatukuanza jana kulea watoto wa watoto wetu. Wanaokumbuka miaka ya 1980 na 1990 wanajua jinsi UKIMWI ulivyozichukua nyumba moja baada ya nyingine. TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI, lilianzishwa mwaka 1987 ili kuwahudumia wagonjwa waliokuwa wakifichwa na kutengwa, na mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alisimama hadharani na kusema kwamba anaishi na virusi, wakati ambapo wengi hawakuthubutu hata kulitaja jina la ugonjwa huo. Nyuma ya habari hizo zote walikuwapo akina mama wazee waliobaki na yatima. Mama yangu alikuwa mmoja wao: alilea watoto wa ndugu zake pamoja na wa kwake, akawalisha kwa mahindi na mihogo ya shamba dogo na kwa mikeka aliyoisuka usiku.

Lakini kuna jambo moja ambalo mama yangu alikuwa nalo na mimi sikupewa. Wazazi walipofariki, ukoo ulikutana. Hapa Busoga, kama ilivyo Buganda, msiba haukwisha hadi siku ya olumbe, yaani sherehe ya kuhitimisha matanga, na siku hiyo mrithi alisimikwa mbele ya watu, huku wazee wakijadili watoto watakwenda kwa nani, ada italipwa na nani, na shamba litalimwa na nani. Mambo hayakwenda vizuri kila mara, na wapo yatima walionyang'anywa mali zao na watu wa ukoo wenyewe, jambo ambalo bado linaniuma. Pamoja na hayo, neno lilisemwa mbele ya mashahidi, na aliyepewa mtoto alijulikana kuwa amepewa mtoto.

Siku hizi mama wa mtoto yu hai. Anapaki begi, anapelekwa Entebbe kupanda ndege, na hakuna kikao kinachoitwa kwa sababu hakuna aliyekufa. Mtoto anabaki kwa bibi kana kwamba ni jambo la kawaida lisilohitaji maneno. Kisha maswali yanaanza kuja moja moja, kila moja likikukuta peke yako. Shule inataka jina na namba ya kitambulisho cha taifa cha mzazi. Homa inapompanda mtoto usiku na malaria kuthibitishwa, mhudumu wa zahanati anauliza ni nani mwenye mamlaka ya kukubali apelekwe hospitali kubwa. Mtoto mwenyewe anauliza kwa nini mama hapokei simu, na wewe unajua kwamba mwajiri wa mama yake humruhusu kuishika simu saa chache tu, lakini hujui namna ya kumweleza mtoto wa miaka sita jambo hilo bila kumtia hofu.

Fedha nazo zina mambo yake. Tangu huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanza hapa nchini mwaka 2009, mshahara wa binti aliye mbali unaweza kufika Jinja kabla maji ya uji hayajachemka, na kwa hilo namshukuru Mungu. Tatizo ni kwamba fedha hufika bila maelezo. Miezi ya mwanzo binti yangu alimtumia kaka yake, kaka akanunua umeme wa Yaka, ule wa kulipia kabla ya kutumia, na unga wa nyumba nzima kwa nia njema kabisa, na ilipofika siku ya ada ya mtoto kila mmoja akaamini kwamba mwenzake ameshalipa. Hakuna aliyeiba. Ila maneno yaliyotoka siku ile kati ya mwanangu na mkewe, na ujumbe uliokwenda Ghuba na kurudi, yalihitaji wiki nyingi kupoa. Tangu hapo ada huenda moja kwa moja shuleni, matumizi ya mtoto huja kwangu, na chakula cha nyumba ni jukumu la mwanangu. Mpango huo ungeweza kuandikwa siku ile ile binti alipokuwa akipaki begi lake.

Kuhusu mkwe wangu nitasema machache, kwa kuwa jiko ni lake na heshima yake naitunza. Tulikubaliana mapema kwamba yeye ndiye anayeamua kinachopikwa, nami sinyanyui mfuniko wa sufuria yake kuchungulia. Jambo hilo dogo limeleta amani kubwa nyumbani kuliko hotuba yoyote.

Mama yangu, kwa upande wake, amenifundisha mwaka huu kwamba mzee anayepewa kazi huishi tofauti na mzee anayepewa kiti tu. Mjukuu wangu mkubwa yuko sekondari ya pili, chini ya mtaala mpya ulioanza mwaka 2020, ambao humtaka mwanafunzi atengeneze kitu kwa mikono yake na kueleza alivyokitengeneza. Alipoambiwa achague mradi, alikwenda kukaa kwa kikongwe akajifunza kusuka mkeka, tangu kuchana makindu na kuyatia rangi hadi kufunga ukingo. Kiswahili pia kimewakutanisha. Baraza la mawaziri liliamua mwezi Julai mwaka 2022 kwamba somo hilo liwe la lazima katika shule za msingi na sekondari, na mama yangu, aliyekipata Kiswahili chake miongoni mwa wafanyakazi wa makabila mengi waliokuja Jinja baada ya bwawa la umeme la Owen Falls kuzinduliwa mwaka 1954 na kiwanda cha nguo cha NYTIL kujengwa, sasa ndiye anayemsahihisha kitukuu wake ngeli za majina. Nimemwona akinyooka mgongo anapofanya hivyo.

Mama hupokea pia fedha za SAGE, mpango wa serikali wa kuwapa wazee posho, shilingi 25,000 kwa mwezi. Haziwezi kumtunza, lakini siku zinapotoka huagiza sukari na sabuni kwa jina lake mwenyewe, na hakuna mtu nyumbani anayethubutu kumkataza. Mpango huo ulianza mwaka 2010 katika wilaya chache, ambako wazee wa miaka 65 walistahili na huko Karamoja wa miaka 60. Ulipoenezwa nchi nzima mwaka 2020, umri uliowekwa ukawa miaka 80. Hapo ndipo ninapotofautiana na wapangaji wetu. Mwanamke wa miaka 80 mara nyingi ameshatua mizigo ya kulea. Anayebeba maji, anayehudhuria mikutano ya shule na kukesha na mtoto mwenye homa ni yule wa miaka 60 na 70. Tena wapo wazee wengi waliozaliwa vijijini bila cheti chochote, ambao mwaka ulioandikwa kwenye vitambulisho vyao ni wa kukisia, na kwa kosa la tarakimu moja wamekosa haki yao.

Naelewa jibu linalotolewa kila mara, kwamba fedha za serikali hazitoshi kila mtu. Basi hesabu ifanywe kikamilifu. Waganda walio nje ya nchi hutuma nyumbani zaidi ya dola bilioni 1 kila mwaka, na viongozi wetu huzitaja fedha hizo kwa fahari. Sehemu ya fedha hizo inatoka kwa wasichana kama binti yangu, ambao wasingeweza kuondoka kama wasingekuwa na mama wa kumwachia mtoto. Nchi inayolifurahia jasho la binti ina wajibu kwa mikono inayomlea mwanawe, na ingeweza kuanza na mabibi wanaoishi na wajukuu ambao wazazi wao wako ng'ambo, hata kabla ya kuufikia umri wa wazee wote.

Wakati tukiisubiri serikali, familia haina sababu ya kusubiri. Kampuni zinazopeleka vijana Ghuba humpima msichana afya na kumkagua pasipoti. Nasi wazazi tunaweza kumtaka, kabla hajasafiri, akae na ndugu zake mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, na kutia saini barua inayosema ni nani atamlea mtoto, nani ataamua akiugua, fedha zitapitia wapi na mama atarudi lini. Barua hiyo isomwe kwa sauti ili hata mtoto aliye mkubwa kidogo aisikie. Binti yangu anatarajiwa likizoni mwakani, na kikao chetu kimepangwa kwa wiki yake ya kwanza nyumbani. Mwenyekiti amekubali kuja, mwanangu atatayarisha karatasi, na mama yangu ametangaza kwamba naye ataketi katika kikao hicho kwa sababu kitukuu ni wake pia.