Babu Ameanikwa

Jamani, kuna kazi ambazo hakuna anayekutahadharisha nazo unapooa. Wazee wanakukalisha mkekani, wanakuusia subira, wakwe, pesa ya matumizi. Hakuna anayekwambia: kijana, kuna siku utakaa kwenye kigoda uani unamsugua dubu makwapa.

Dubu wa kwetu ni mdoli wa manyoya, anaitwa Babu. Jina kapewa na binti yangu, na hukumu hiyo haina rufaa. Alinunuliwa mtumba pale soko la Karume, akatoka kwenye robota na sikio moja lililotafunwa na mtoto wa nchi gani sijui. Ubavuni ana kile kitambaa cha maelekezo, lugha zimejaa humo, Kichina kipo, Kiarabu kipo, Kiswahili hakipo, na chini yake kuna picha ya beseni limepigwa alama ya X. Maana yake usifue. Dubu analishwa uji, anaburuzwa mpaka mlangoni mwa choo, usiku analala kifuani kwa mtoto, halafu eti asifuliwe! Aliyechora lile beseni hana mtoto.

Ugomvi wangu na Babu ulianzia kwenye chafya. Mtoto kila alfajiri mafua, mchana hana kitu. Daktari akauliza, analala na nini? Akatueleza kuhusu vijidudu vya vumbi, vidogo havionekani kwa macho, vinakaa kwenye magodoro na midoli ya manyoya, vinakula magamba ya ngozi yetu. Na kinachowasumbua watu wengi, kumbe, ni kinyesi chao. Yaani mwanangu alikuwa anakumbatia choo cha watu.

Dawa yake, maji ya moto ya nyuzi 60. Mwenye mashine anamtia dubu ndani ya foronya, anafunga fundo, anabonyeza, anakwenda kuangalia mpira. Mashine yangu mimi ni hii mikono. Njia nyingine ni friza, usiku na mchana. Nikaona hiyo ndiyo ya kistaarabu. Babu akafungwa kwenye mfuko wa plastiki, ule mama watoto aliouficha tangu marufuku ya 2019, akalazwa kati ya changu na barafu za kuuza. Mama mkwe akafungua friza kutafuta samaki, wakatazamana. Akaifunga taratibu, akaniuliza kwa upole kama kazini kwangu kuko salama.

Na kumbe baridi inaua vijidudu tu, kinyesi kinabaki palepale! Umeshafanya mauaji, bado una deki ya kupiga. Kwa hiyo nikarudi kwenye beseni, kitambaa cha maelekezo kitanisamehe. Nikavuta kwanza macho na pua kuona kama vimekaza, maana jicho likichomoka mtoto atalimeza, kisha nikamzamisha. Maji yakawa chai ya rangi. Nikamwaga, nikaweka mengine, chai tena.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Roosevelt, yule rais wa Marekani. Mwaka 1902, huko Mississippi, alifungiwa dubu kwenye mti ampige risasi, akakataa, akaonekana muungwana, wenye maduka wakatengeneza dubu wa kitambaa kwa jina lake la utani, Teddy. Huruma yake naisuuza mimi. Tena mwaka 1909 huyohuyo alishuka Mombasa na bunduki, yeye na mwanawe wakaangusha wanyama wetu zaidi ya 500. Simba hakuhurumiwa, kifaru hakuhurumiwa. Huruma yote iliishia kwa yule mmoja!

Kukamua nako ni elimu. Ukimpinda kama shuka, pamba yote inakimbilia miguuni, kitambi chake kinahamia kwenye magoti. Unambonyeza tu, polepole, ndani ya taulo, naye anatoa maji bila kuisha. Nikambana masikio kwenye kamba, binti akaangua kilio, "Baba, anaumia!" Haya, akalazwa juu ya ungo. Manyoya yakakauka upesi, lakini kumbe tumboni kuna maji, na ukimrudisha kitandani hivyo anaota ukungu. Masika nayo haina adabu, jua likichungulia tu, wingu hilo.

Siku ya kazi ikafika Babu bado mbichi. Niko kwenye daladala, nimesimama, naona wingu jeusi, nikampigia mama watoto. Simu haisikiki vizuri, nikapaza sauti:

"Babu umemtoa nje? Mgeuze basi, mgongo umeshakauka! Tumbo mbonyeze kwa nguvu, kama bado anatoa maji mrudishe juani!"

Daladala zima kimya. Bibi mmoja akasogeza kikapu chake mbali na mimi. Konda akaniuliza, "Mzee, huyo babu mnamkausha ni marehemu?" Nikasema ni dubu. Ikawa mbaya zaidi.

Jioni Babu kakauka, ananukia, kavimba vizuri. Binti akamnusa, akamrudisha mikononi mwangu. "Huyu si Babu. Babu wangu ananuka Babu." Ikabidi apelekwe kwanza kulala na mama mkwe.

Mama watoto yeye kafurahi. Kasema mafua yamepungua, na chini ya kitanda kuna sungura, punda milia, na tembo anayeimba, huyo atolewe betri kwanza. Jumamosi nianze nao. Nikamwambia Jumamosi nina kikao.

"Kikao gani Jumamosi?"

"Cha dharura."

"Dharura ya nini?"

Mpaka sasa natafuta jibu. Mwenye ajenda anisaidie.