Nyumba Hii Haiuzwi

Ukitembea Magomeni, Ilala au Temeke, humalizi mitaa miwili kabla ya kukutana na ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Mkazi wa Dar haulizi maana yake. Mzee amefariki, watoto hawaelewani, mmoja kamleta dalali jioni, mwingine kawahi na kopo la rangi. Siku hizi maandishi yale yananijia kila ninaposikia watu wakijadili kuwauzia wapangaji nyumba za umma. Mjadala huo utapamba moto, maana mwaka 2027 unakaribia, na kwa watu wa Magomeni Kota mwaka huo si wa kawaida.

Tukumbushane. Kaya 644 ziliondolewa kwenye kota za zamani pale Magomeni, kota zikabomolewa, na uwanja ukabaki mtupu kwa miaka. Mwaka 2016 Rais Magufuli alifika akaahidi maghorofa, na kwamba wenyeji wake wangekaa miaka mitano bila kulipa kodi. Machi 2022 Rais Samia akayazindua. Miaka hiyo mitano ikiisha, njia iliyofunguliwa ni ile ya mpangaji mnunuzi: unalipa kidogo kidogo kama mtu anayelipa kodi, na ukimaliza nyumba inakuwa yako.

Niseme mapema nisije nikaeleweka vibaya: wale wauziwe. Waliahidiwa, na wapo waliofariki kwenye vyumba vya kupanga wakisubiri kurudi. Kuwageuka sasa ingekuwa dhuluma ya pili.

Ninachokipinga ni hatua ya pili ambayo watu wameanza kuidai, kwamba kila mpangaji wa nyumba ya umma, awe wa Shirika la Nyumba la Taifa, wa TBA (Wakala wa Majengo Tanzania, unaosimamia majengo ya Serikali) au wa halmashauri, apewe haki ya kuinunua nyumba anayokaa. Hoja yao naijua vizuri kwa sababu nimekua nikiisikia nyumbani. Mama alipanga nyumba ya Msajili pale Ilala, zile zilizochukuliwa na Serikali kwa sheria ya mwaka 1971, majengo ya thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo wenyewe walikuwa wakiyapangisha. Mwaka 1990 Msajili wa Majumba akaunganishwa na Shirika la Nyumba, lakini mama aliendelea kusema "kwa Msajili" hadi uzeeni. Risiti zake zote za kodi alizihifadhi kwenye kopo la maziwa. Akikasirika hulishusha kopo, hulitikisa na kusema, "Hii nyumba nimeshainunua mara ngapi?"

Nimechukua muda mrefu kuelewa alichokuwa anakitaka. Mama hakutaka kuuza wala kupangisha. Alikuwa anaogopa barua. Kila mtu wa ofisini alipogonga mlango, yeye alidhani ni notisi ya kuhama. Na mimi nilipoanza maisha nikaingia kwa wenye nyumba wa mitaani, ndipo nilipoijua hofu yake. Nimehama mara tano. Kodi unatoa ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, dalali unampa ya mwezi mmoja, na mwenye nyumba akiamka vibaya anakwambia mwanawe anaoa, anataka vyumba vyake. Mtu aliyeishi hivyo akiambiwa "nunua" atanunua hata kwa kuuza figo, kwa sababu kumiliki ndiyo njia pekee aliyowahi kuonyeshwa ya kutofukuzwa.

Basi tumpe hiyo hiyo ya kutofukuzwa. Mkataba wa kudumu, kodi isiyopanda kiholela, mjane au mtoto aliyekuwa akiishi naye aendelee kukaa. Hayo yanaandikika bila nyumba kutoka mikononi mwa umma.

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaishi mashariki mwa London, anahudumia wazee. Amepanga ndani ya jengo lililojengwa na halmashauri ya huko. Mama wa mlango wa pili ni mpangaji wa halmashauri na analipa chini ya nusu ya anacholipa dada. Kuta zile zile, ngazi zile zile. Tofauti ni kwamba nyumba anayokaa dada iliuzwa kwa mpangaji wake wa zamani, huyo akafariki, wanawe wakaiuza, na sasa iko mikononi mwa mtu mwenye nyumba kadhaa ambaye dada hajawahi kumwona.

Sheria iliyoleta hayo, iliyowapa wapangaji wa halmashauri haki ya kununua nyumba walizokaa, ni ya mwaka 1980, enzi za Waziri Mkuu Margaret Thatcher. Aliyekaa miaka mitatu alipunguziwa theluthi ya bei, wa miaka 20 nusu nzima. Kwa waliowahi ilikuwa neema ya kweli, watu wa viwandani na madereva wa mabasi wakashika hati kwa mara ya kwanza katika koo zao, na siwezi kuwadharau kwa hilo. Lakini zimeshauzwa takriban nyumba milioni mbili England peke yake, na halmashauri zilibanwa zisitumie sehemu kubwa ya fedha hizo kujenga nyingine. Foleni ya wasio na nyumba ikabaki, nyumba zikaondoka. Uskoti ilifuta haki hiyo mwaka 2016, Wales ikafuata 2019. England yenyewe, Novemba 2024, ilishusha punguzo la juu kabisa kwa sehemu kubwa ya London kutoka pauni 136,400 hadi 16,000.

Hata kwetu tulishaonja. Kuanzia mwaka 2002 Serikali iliuza zaidi ya nyumba 7,000 kwa watumishi wake, nyingine kwenye viwanja vya Oysterbay ambavyo leo huwezi kuvigusa. Waliokuwa kazini mwaka ule walipata. Mwalimu au daktari aliyeajiriwa baadaye alikuta nini?

Kinachonitia wasiwasi zaidi Magomeni ni hiki. Bei zilipotajwa, baadhi ya wakazi walilalamika kwamba hawaziwezi. Hapo ndipo mwenye fedha anapoingia. Atakuja kwa bibi mstaafu na kumwambia: mimi nitakulipia, wewe jina liwe lako, ukimaliza unaniandikia. Anayedhani nasingizia watu aulize Kariakoo wapangaji wangapi wa nyumba za umma wamekula kilemba, yaani fedha ya pembeni, na kumwachia mwingine chumba huku jina kwenye daftari likibaki lile lile. Na asiponunua kwa hila, atasubiri mirathi. Nyumba ya vyumba viwili haigawanyiki kwa watoto sita. Itauzwa tu, na pale hakuna ukuta wa nje wa kupaka rangi nyekundu.

Kwa hiyo kwenye mkataba wa mpangaji mnunuzi kiwekwe kifungu kimoja: ukitaka kuuza, au warithi wakitaka kuuza, mnunuzi ni TBA peke yake, kwa bei mliyolipa pamoja na nyongeza ya kupanda kwa gharama za maisha. Utakaa, watoto watakaa, fedha yako haipotei, na nyumba itarudi kwa anayengoja. Makusanyo yote yaingie kwenye akaunti ya kujenga majengo mengine, yasichanganywe na matumizi ya kawaida ya Serikali. Pia yaandikwe mapema nani atatengeneza lifti na pampu ya maji, kwa sababu mwenye hati wa ghorofa ya nane bila maji hana tofauti na mpangaji aliyedhulumiwa.

Wapo watakaosema umiliki wa namna hiyo ni nusu umiliki. Ni kweli, na ndio ninaoutetea. Ila uandikwe kabla funguo hazijageuka hati, kwa sababu mtu akishakabidhiwa hati yake huwezi kumrudia mlangoni na sharti jipya.